Sakafu usiyoiona: Misuli ya nyonga inayokubeba kutwa nzima na hakuna anayekutajia

KAMA unaishi orofa ya nne pale Nyayo Highrise na mifereji imekauka, hesabu unaijua. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, na ngazi hazina huruma. Ukifika mlangoni unahema kama aliyekimbizwa na kanjo, na mtu akikuuliza ni wapi panauma, utamtajia mabega, kiuno, mapaja na viganja.

Kuna mahali hutataja. Chini kabisa ya kiwiliwili chako, kati ya mapaja, kuna misuli iliyokuwa kazini kuanzia ngazi ya kwanza hadi ya mwisho. Ndiyo ilishikilia kibofu, ikashikilia utumbo, na kama wewe ni mwanamke, ikashikilia na mji wa mimba pia. Wataalamu huiita sakafu ya nyonga. Kama ulisoma Baiolojia hadi Kidato cha Nne, uliikariri mifupa ya nyonga ukaimaliza. Ila kuna uwezekano mkubwa hakuna mwalimu aliyekutajia misuli iliyotandazwa chini yake.

Hilo lingekuwa jambo dogo kama misuli hii ikilemewa ingenyamaza tu. Hainyamazi. Msichana anaacha kuruka kamba kwa sababu kila akiruka, matone yanamtoka. Mama mchanga wa miaka 21 anachagua kiti cha karibu na mlango kanisani, asije akacheka au akakohoa mbele za watu. Kijana wa kiume anasumbuliwa na maumivu ya chini na anaona afadhali anyamaze kuliko kumweleza mtu. Kila mmoja anadhani yuko peke yake.

Basi shika hili moja kabla hatujaendelea: hii ni misuli. Inaweza kuchoka, kukakamaa au kuchanika kama msuli wa paja la mchezaji wa soka. Na kama huo wa paja, inaweza kufundishwa, kulegezwa na kutibiwa. Kinachowakwamisha wengi ni aibu, na aibu hupata nguvu pale ambapo kitu hakina jina.

IKO WAPI HASA?

Hebu tuitafute. Gusa mfupa ulio chini kabisa ya tumbo, upande wa mbele. Huo ni mfupa wa kinena. Sasa peleka mkono nyuma, kwenye ncha ya mwisho ya uti wa mgongo, pale makalio yanapoanza kugawanyika. Hicho ni kifandugu. Kisha kaa kwenye benchi gumu, kama lile la kibanda cha chai, ujisogeze kushoto na kulia hadi uhisi mafundo mawili ya mifupa unayokalia. Unganisha hizo pembe nne akilini mwako na utapata umbo la almasi. Sakafu ya nyonga imewambwa humo ndani, kama kamba za kitanda cha jadi: inabonyea kidogo ukiielemea, kisha inarudi juu.

Ina tabaka zaidi ya moja. Tabaka kubwa la ndani linaitwa levata ani, jina la Kilatini linalotokana na kazi yake ya kuinua. Lina sehemu tatu zinazopishana, na moja kati yake ni ya ajabu kidogo. Inaanzia kinenani, inazunguka nyuma ya utumbo wa mwisho, kisha inarudi kinenani upande wa pili, kama mpira wa manati. Ikikaza, inauvuta utumbo mbele na kuuwekea kona. Umewahi kukunja mpira wa maji ili maji yasitoke? Ndivyo hivyo. Kona hiyo ni mojawapo ya sababu za wewe kupanda mathree hadi tauni bila kupata aibu.

Tabaka la nje ni la misuli midogo inayozunguka milango: njia ya mkojo, uke na njia ya haja kubwa. Mingine inashika shina la uume au la kinembe. Mingi ya misuli hii hukutana kwenye msamba, ile sehemu iliyo kati ya sehemu za siri na njia ya haja kubwa. Kwa hiyo wanawake na wanaume wote wana sakafu hii. Tofauti kubwa ni kwamba ya mwanamke ina mlango mmoja zaidi, na inaweza siku moja kupitisha kichwa cha mtoto.

Umeme wa sakafu hii unatoka kwenye neva za chini kabisa za uti wa mgongo, zile za mfupa wa sakramu, na neva maarufu kati ya hizo huitwa pudenda. Ndiyo inayokuwezesha kuamua. Kibofu chako kinaweza kupiga kelele kikiwa na mililita 200 tu za mkojo, ilhali kina nafasi ya mililita 400 hadi 500. Neva na misuli hii ndizo zinazokiambia: tulia, bado hatujafika nyumbani.

MKEBE WA PRESHA

Ili uelewe kwa nini mtungi unahusika, chukulia tumbo lako kama mkebe. Kifuniko chake ni kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu. Kuta zake ni misuli ya tumbo na ya mgongo. Kitako chake ni sakafu ya nyonga. Ukivuta pumzi, kifuniko kinashuka na kitako kinashuka nacho kidogo. Ukitoa pumzi, vyote vinapanda. Mkebe ukiwa sawa hutajua hata kama upo.

Sasa bana pumzi, kaza tumbo, uinue mtungi kwa nguvu zote. Presha ndani ya mkebe inapanda ghafla na inatafuta pa kutokea. Kitako kikiwahi kukaza, hakuna linaloharibika. Kikichelewa, au kikiwa kimechoka, matone yanapita. Chafya, kikohozi, kicheko kikubwa, kuruka kamba na kukimbilia mpira uwanjani vyote vinafanya hivyo hivyo.

Hali hiyo ya kuvuja kwa sababu ya presha ni aina moja. Kuna aina nyingine: unakaa vizuri, kisha ghafla kibofu kinakuambia sasa hivi, na kabla hujafungua kufuli mambo yameharibika. Hapo tatizo ni kibofu kinachojikaza bila ruhusa yako. Wengine wana aina zote mbili. Kuzitofautisha ni muhimu kwa sababu matibabu yanaweza kutofautiana, na maelezo yako kwa daktari yatampunguzia kazi ya kubahatisha.

Usidhani haya ni mambo ya akina nyanya tu. Wanamichezo wasichana ambao hawajawahi kuzaa huvuja mkojo pia, hasa katika michezo ya kuruka na kutua kwa kishindo. Kama unafanya mazoezi na wenzako pale viwanja vya Joseph Kang'ethe, Woodley, na umeanza kuvaa suruali nyeusi kila siku kwa sababu unayoijua mwenyewe, basi mwenzako wa pembeni huenda anafanya hivyo kwa sababu hiyo hiyo.

KUFUNGUA NAKO NI KAZI

Watu wengi wakisikia habari za misuli hii hufikiria kubana tu. Lakini mlango usiofunguka ni mbovu kama ule usiofungika. Ili ukojoe au uende haja kubwa vizuri, sakafu lazima ilegee. Ile kona ya manati lazima inyooke.

Na hapa choo cha shimo, kile tunachokidharau, kinatupiku. Ukichuchumaa kabisa, mapaja yakikaribia tumbo, kona hunyooka zaidi na haja hutoka bila kusukuma sana. Wenye choo cha kukalia wanaweza kupata msaada huo kwa kuweka miguu juu ya kigoda au ndoo iliyopinduliwa, ili magoti yawe juu kuliko nyonga.

Mkao mbaya ni ule wa kati. Unaujua: choo cha umma, kiti kichafu, unakifunga kikoi cha ujasiri na kuning'inia juu yake bila kukigusa. Mapaja yanatetemeka, makalio yamekaza, na sakafu ya nyonga haiwezi kulegea wakati majirani zake wote wamekaza. Mkojo unatoka kwa udhaifu na mwingine unabaki kibofuni. Mkojo unaobaki mara kwa mara unaweza kukuletea maambukizi. Chuchumaa kabisa, au funika kiti kwa karatasi ukae kabisa.

Lakini hatuwezi kuongea habari za choo Kibera au Kawangware tukajifanya kwamba ni suala la mkao tu. Choo cha ploti kinatumiwa na nyumba nyingi, kingine ni cha kulipia, na usiku njia haina taa. Mwaka 2010 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, na ikaeleza wazi kwamba safari ya chooni usiku inamweka mwanamke katika hatari ya kushambuliwa na kubakwa. Kwa hiyo wasichana wengi wamejifunza mbinu mbili: kutokunywa maji na kubana hadi asubuhi.

Mbinu zote mbili zina gharama. Usipokunywa maji ya kutosha mkojo unakuwa mkali na unakikera kibofu, na kinyesi kinakuwa kigumu. Kinyesi kigumu kinakufanya usukume, na kusukuma kila siku kunaichosha sakafu. Kubana mara moja moja ni kawaida, hiyo ndiyo kazi ya misuli hii. Kuifanya iwe ratiba ya kila usiku ni kuifundisha isijue kulegea.

Ukiwa huna namna ya kutoka usiku, hamisha maji badala ya kuyakata. Kunywa zaidi asubuhi na mchana, punguza saa mbili au tatu kabla ya kulala, na chai ya rangi ya jioni iwe nusu kikombe, kwani chai na kahawa huchochea kibofu. Ndoo yenye kifuniko ndani ya nyumba, inayomwagwa na kuoshwa asubuhi, haina aibu yoyote. Walakini usikubali kuambiwa kwamba hilo ndilo suluhisho la mwisho. Taa njiani na choo karibu ni mambo ya afya, na mwakilishi wa wadi yako anapokuja kuomba kura, hili ni swali halali la kumuuliza.

WANAPOKUJA WATOTO

Kazi nzito zaidi ambayo sakafu ya nyonga inaweza kupewa ni kuzaa. Watafiti wa Marekani waliotumia kompyuta kuiga safari ya kichwa cha mtoto, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2004, walikadiria kwamba sehemu ya katikati ya levata ani hunyooka hadi zaidi ya mara 3 ya urefu wake wa kawaida. Jaribu kufikiria msuli wa mkono wako ukivutwa hivyo. Kinachoshangaza ni kwamba kwa wanawake wengi misuli hiyo hurudi na kupona.

Kwa baadhi haiponi yenyewe. Inabaki dhaifu, au imeachana na mfupa wa kinena upande mmoja. Dalili ni kuvuja mkojo au upepo, uzito wa chini kama kuna kitu kinataka kutoka, au uvimbe unaouhisi mlangoni mwa uke wakati wa kuoga. Huo uvimbe mara nyingi ni kibofu au mji wa mimba ulioshuka. Si kansa, si kurogwa, wala si adhabu ya kuzaa mapema. Kuna mazoezi, kuna kipete maalumu kinachowekwa ndani kushikilia kilichoshuka, na kuna upasuaji kwa wanaouhitaji.

Shida ni kwamba baada ya kujifungua macho yote yanahamia kwa mtoto. Wiki ya 6 unampeleka kliniki, anapimwa uzito, anadungwa chanjo, na wewe unarudi nyumbani bila kuulizwa neno. Siku hiyo, kabla hujafunga leso mgongoni, mwambie muuguzi: "Sista, na mimi nina swali." Sema unavuja. Sema panauma. Sema ukikaa na mumeo mambo si kama zamani. Muuguzi hatashangaa, ameyasikia.

Kuna jeraha jingine ambalo huwa linachanganywa na haya, na lazima tulitenganishe: fistula. Huo si udhaifu wa msuli. Ni tundu linalotokea kati ya kibofu na uke, au kati ya utumbo na uke, mara nyingi baada ya uchungu wa kuzaa uliokwama kwa muda mrefu bila upasuaji, kichwa cha mtoto kikibana nyama hadi zikafa kwa kukosa damu. Mwenye fistula havuji matone akicheka. Anavuja kutwa kucha, amesimama au amelala. Mazoezi hayazibi tundu. Upasuaji huziba. Addis Ababa, Ethiopia, daktari Catherine Hamlin na mumewe Reginald walifungua hospitali ya fistula mwaka 1974 na kuonyesha dunia kwamba wanawake hawa wanaweza kupona. Hapa Kenya, Eldoret kuna hospitali ya Gynocare, na Hospitali Kuu ya Kenyatta, ambayo iko karibu na Kibera, imewahi kuandaa kambi za upasuaji wa fistula bila malipo. Kila tarehe 23 Mei ni siku ya kimataifa ya kutokomeza fistula. Kama kuna dada au shangazi kule nyumbani ambaye alijifungua kisha akaanza kujitenga na kunuka mkojo, sasa unajua huenda anaugua nini, na kwamba ana pa kwenda.

WEWE KIJANA WA KIUME, USIFUNGE UKURASA

Sakafu yako inafanya kazi zile zile, na moja ya ziada ambayo najua itakuamsha. Misuli miwili midogo iliyo kwenye shina la uume hukaza wakati wa tendo la ndoa na kusaidia damu isikimbie. Mwaka 2005 mtaalamu wa fiziotherapia wa Uingereza, Grace Dorey, na wenzake walichapisha utafiti wa wanaume 55 waliokuwa na tatizo la nguvu za kiume. Baada ya mazoezi ya sakafu ya nyonga pamoja na kubadilisha mienendo kwa miezi 6, asilimia 40 walirudi katika hali ya kawaida na wengine zaidi ya theluthi moja walipata nafuu. Linganisha na vichupa visivyo na lebo vinavyouzwa stejini.

Kwa wanaume vijana, mara nyingi tatizo huwa si ulegevu. Ni kukakamaa. Maumivu ya msamba, mkojo unaoanza kwa shida, maumivu baada ya kumwaga. Kama unasambaza mizigo kwa baiskeli na ukishuka unahisi ganzi huko chini, kiti chembamba kinaibana ile neva ya pudenda. Simama kwenye pedali kila baada ya muda, badilisha kiti, na usiizoee ganzi hiyo.

MAMBO UNAYODANGANYWA

La kwanza ni kwamba msichana "hulegea" kwa kufanya mapenzi. Si kweli. Uke ni njia yenye misuli inayotanuka na kurudi. Mtu hawezi kusoma historia yako hapo, na anayekutania kwa maneno hayo hajui anachokisema.

La pili ni dawa za kubana: shabu, unga wa mitishamba na vidonge vya kuingiza vinavyouzwa mtandaoni. Haviifikii misuli. Vinachofanya ni kukausha na kuchubua ngozi laini ya ndani, na ngozi iliyochubuka ni mlango wa maambukizi. Ule ukavu unaouhisi si nguvu.

La tatu ni mikanda ya kubana tumbo, iwe ya Instagram au ile ya leso iliyokazwa hadi huwezi kupumua. Kumbuka mkebe: ukiubana katikati, presha inashuka kwenye kitako. Kitambaa cha kukushikilia kidogo baada ya kujifungua ni sawa, lakini mkanda haujengi msuli.

La nne linatoka kwa watu wenye nia nzuri: kwamba kila mtu abane, abane, abane. Kama una maumivu wakati wa tendo la ndoa, huwezi kuweka hata tamponi, au mkojo unatoka kwa kukatika katika, huenda sakafu yako imekaza kupita kiasi. Ukiongeza kubana unaongeza tatizo. Unahitaji kujifunza kulegeza, na ni vizuri ufundishwe na mtaalamu wa fiziotherapia.

MAZOEZI YENYEWE

Daktari wa wanawake wa Los Angeles, Arnold Kegel, ndiye aliyeyapa mazoezi haya umaarufu alipochapisha kazi yake mwaka 1948, na hadi leo yanaitwa kwa jina lake. Hayahitaji jimu, hayahitaji bando, na unaweza kuyafanya ndani ya mathree bila abiria wa pembeni kujua.

Lala chali ukiwa umekunja magoti, au kaa wima. Fikiria unazuia upepo usitoke mbele za watu, na wakati huo huo unazuia mkojo. Utahisi kitu kikiinuka ndani na kuelekea juu. Hiyo ndiyo yenyewe. Kama makalio yamekaza, mapaja yamebanana au umeshikilia pumzi, umeajiri misuli isiyofaa. Anza tena polepole.

Ukiipata, bana na kuinua kwa sekunde 5, kisha achilia kwa sekunde 5 au zaidi hadi uhisi imeshuka kabisa. Usiruke sehemu ya kuachilia, ni nusu ya zoezi. Fanya hivyo mara 8 hadi 10, halafu malizia na mibano michache ya haraka haraka. Rudia mara 3 kwa siku. Ukizoea, panda taratibu hadi sekunde 10.

Usifanye mazoezi kwa kukatiza mkojo chooni kila siku, kwani unakichanganya kibofu na hakimaliziki vizuri. Na usiache wiki ya pili ukisema haifanyi kazi. Ushauri wa wataalamu ni angalau miezi 3 mfululizo. Msuli wa paja haukui kwa siku tano, na huu haukui hivyo pia.

Kuna mbinu moja ya ziada inayosaidia mapema zaidi: bana kabla. Ukihisi chafya inakuja, bana na kuinua, ndipo upige chafya. Ukitaka kuinua mtungi, kunja magoti, uvute karibu na mwili, bana, kisha inuka huku ukitoa pumzi. Nao mtungi si lazima uwe mmoja wa lita 20. Miwili ya lita 10, mmoja kila mkono, inagawanya mzigo. Ukiwa umejifungua juzi, mwachie mwingine kazi hiyo, na asinune.

LINI UTAFUTE MSAADA

Kama unavuja, una uzito wa chini, au una maumivu yaliyopita wiki chache, anza na kituo cha afya kilicho karibu. Kwa wakazi wa Highrise, Hospitali ya Mbagathi ni jirani. Sema tatizo lako kwa maneno ya kawaida na uulize kama unaweza kutumwa kwa fiziotherapia. Ukiona aibu kusema mdomoni, andika kwenye simu umwonyeshe daktari. Hakuna sheria inayosema lazima utamke.

Yapo mambo yasiyosubiri. Damu kwenye mkojo au kinyesi. Homa pamoja na maumivu ya kukojoa. Kuvuja kusikokoma baada ya kujifungua. Na hili ulikariri: ukipata maumivu makali ya mgongo, kisha ganzi kwenye msamba na sehemu unazokalia, na mkojo ukakataa kutoka au ukatoka wenyewe, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Neva za chini zinaweza kuwa zimebanwa, na zikicheleweshwa huenda zisirudi.

Leo jioni jaribu mibano 8, halafu mwambie mtu mmoja. Inaweza kuwa dadako mdogo aliyeacha netiboli bila kutoa sababu, au rafiki yako aliyejifungua mwezi jana na siku hizi hacheki kwa nguvu. Anza na jina tu: sakafu ya nyonga. Huenda ndilo alilokuwa akilikosa.